Sikio Lenye Muhuri wa Kijiji

Rutamba ukitaka kusafirisha magunia ya mbaazi, unahitaji barua ya mtendaji wa kijiji. Ukitaka kufungua akaunti benki Lindi mjini, barua. Ukitaka kuuza mbuzi uliyemzalisha mwenyewe zizini kwako, barua, kwa sababu serikali lazima ijiridhishe kwamba wewe na mbuzi mnafahamiana. Hata hivyo, mpaka mwaka ule hakuna aliyewahi kuona barua ya sikio. Sikio la kushoto la Sauda Hussen lilipata barua yake, ikapigwa muhuri wa bluu na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, katikati ya tangazo la mnada wa korosho na tangazo la ng'ombe aliyepotea.

Sikio lenyewe halikuzaliwa na cheo. Lilikuwa sikio la kawaida la msichana wa miaka ishirini na minne, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kuvumilia kelele za mashine ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Baba yake, mzee Hussen, alikuwa na ekari saba za mikorosho na mashine moja iliyokuwa haipendi kazi. Sauda alianza kuitengeneza akiwa darasa la saba. Alifungua kabureta, akasugua plagi kwa msasa, akavuta kamba, na mashine ikakohoa na kuwaka. Kisha akaibeba mgongoni, akaingia shambani na kurusha salfa mpaka juu ya vilele vya mikorosho. Hapo ndipo wazo la kuruka lilipomwingia. Aliona kwamba kama kiinjini kile kinaweza kupandisha vumbi juu kiasi kile, basi iko injini nyingine, kubwa yake, inayoweza kumpandisha yeye.

Wenzake walilicheka wazo hilo, naye hakushindana nao. Alimaliza kidato cha sita kwa masomo ya sayansi, akapita JKT, akaandika maombi ya kusomea urubani jeshini, akasahau kulala vizuri kwa miezi mitano. Siku jina lake lilipotoka katika orodha ya walioitwa Dar es Salaam kwa usaili na vipimo vya afya, waliomcheka ndio waliokuwa wa kwanza kumwita Rubani. Masharti yalitaka mwombaji asiwe ametimiza miaka ishirini na mitano. Sauda angeitimiza mwezi wa Oktoba, na wakati ule ulikuwa Juni. Mwaka huu ukimponyoka, hakuna mwingine.

Sasa yupo bibi yake, Bibi Somoe, mama wa mzee Hussen, ambaye ndiye aliyemlea Sauda baada ya mama yake kuolewa tena Rasbura. Bibi Somoe alikuwa mganga wa masikio. Vifaa vyake vilikuwa vitatu: chupa ya mafuta ya nazi yaliyolowekwa majani ya kivumbasi, kijiko cha kupashia mafuta motoni, na unyoya wa kanga wa porini wa kuzolea nta. Kwa miaka hamsini hakuna mtoto wa Rutamba aliyelia sikio bila kulazwa kwenye paja lake. Watu walimjia kutoka Milola kwa baiskeli. Hata mwenyekiti wa kijiji, ambaye hasikii neno la mtu yeyote mkutanoni, alisafishwa hapo mara mbili kwa mwaka.

Siku mbili kabla ya safari, bibi alitandika mkeka barazani.

"Mke mwenzangu," alimwita, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike kwa utani, "unakwenda kusikiliza amri za wanajeshi. Utazisikiaje na nta yote hiyo? Njoo ulale hapa."

Sauda akalala. Alikuwa amelala pale mara mia, na paja lile alilijua kuliko mto wake. Sikio la kulia likasafishwa salama. La kushoto, unyoya ukiwa umeshazama ndani, jirani akapiga hodi uani. Na hodi, kwa mtu aliyelelewa vizuri, haiachwi ikaning'inia. Bibi Somoe aligeuza shingo, na mkono nao ukageuka, akaitikia kwa sauti ya ukarimu, "Karibuuu!"

Sauda aliona nyota saa tisa ya mchana. Hakupiga kelele. Mtu hapigi kelele kwenye paja la mkubwa wake. Alishukuru, akaamka, na asubuhi yake akafua mtandio uliokuwa na tone la damu, kimyakimya, kabla bibi hajatoka kuswali.

Dar es Salaam alipita kila kitu. Macho yalisoma mpaka mstari wa mwisho, moyo ulidunda kwa adabu, na katika mbio aliwaacha nyuma vijana wawili waliokuwa wametangulia kumpa pole. Ikabaki chumba cha mwisho, ambako daktari alikuwa mama wa makamo mwenye nyota tatu begani. Aliingiza kimulimuli chake kwenye sikio la kushoto, akatulia, akaingiza tena.

"Mmetia nini humu?"

"Mafuta ya nazi, afande."

"Na nini?"

"Kivumbasi, afande."

"Na?"

"Unyoya, afande. Wa kanga."

Daktari aliweka kalamu chini. Akamweleza kwa upole kwamba ndani ya sikio kuna kiwambo chembamba, na chake kimetoboka. Tundu ni dogo, lakini angani hewa hubana na kuachia ghafla, na rubani mwenye tundu ni hatari kwake na kwa ndege. "Leo sikupitishi," alisema. "Ila tundu ni bichi. Bichi hufunga lenyewe, likiachwa. Uje tarehe ishirini Septemba. Likiwa limefunga, unaingia na wenzako. Likiwa wazi, tutaagana vizuri."

"Dawa yake ni ipi, afande?"

"Dawa yake ni kutotia kitu. Maji yasiingie, mafuta yasiingie, kijiti kisiingie."

"Natumia kwa siku mara ngapi?" Sauda aliuliza, maana kichwa kilikuwa kimevurugika.

"Mara zote," daktari akasema.

Kwa hiyo Sauda alirudi Rutamba na dawa ngumu kuliko zote zinazoweza kuandikiwa mtu wa Rutamba. Kumpa mgonjwa wa kule kidonge kichungu ni rahisi. Kumpa sindano ni sherehe. Lakini kumwambia akae na sikio bovu miezi mitatu bila kutia chochote, katika kijiji ambacho kila mtu ana chupa na kila chupa ina ushuhuda, huo ulikuwa mtihani kuliko fizikia yote aliyosoma.

Habari zilimtangulia nyumbani. Kuhusu chanzo Sauda alisema tu kwamba sikio limepata hitilafu, na hakutaja unyoya, kwa kuwa alimpenda bibi yake. Kijiji kikamsaidia kutafuta chanzo kingine. Wengine walisema ni spika za basi. Wengine walisema ni jicho la husuda, wakawataja na wenye jicho, watu wanne, wote wenye mashamba mazuri. Kisha zikaja dawa. Mama mmoja alileta maji ya kitunguu saumu. Mzee mmoja alileta dawa ya ng'ombe, maandishi yakiwa yamefutika, ambayo alisema ilikuwa na nguvu sana enzi maandishi yalipokuwepo. Jirani aliyekuwa ananyonyesha hakuleta chupa, alijileta mwenyewe, akamwomba Sauda alaze kichwa tu, matone mawili hayampunguzii mtoto kitu. Dereva wa bodaboda alikuja na mafuta ya breki. Yalimponya shemeji yake. Shemeji alipoulizwa, alikuwa upande wa pili wa barabara na hakusikia swali.

Usicheke bila kujua uzito wake. Kukataa dawa ya mkubwa ni kumwambia usoni kwamba huamini umri wake. Sauda alijifunza kukwepa. Kwa mama wa kitunguu alisema ameshatiwa na mzee wa ng'ombe. Kwa mzee wa ng'ombe alisema ameshatiwa na mama wa kitunguu. Kwa jirani alisema ana udhu. Na kuhusu udhu wenyewe alimwendea shehe, akamwuliza kama anaweza kuacha kupaka maji masikioni, na shehe akamjibu kwamba kupaka masikio ni suna, aache bila wasiwasi. Shehe akaongeza kwamba yeye binafsi ana mafuta ya habasoda, kama atapenda.

Aliyemshinda alikuwa bibi yake. Kila asubuhi, Bibi Somoe alikuwa barazani na mkeka umetandikwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lala."

"Bibi, daktari amekataza."

"Daktari wa jeshi anajua majeraha ya risasi. Masikio najua mimi. Lala, mke mwenzangu, mafuta yanapoa."

Siku kumi na moja Sauda alitafuta visingizio, na siku ya kumi na mbili vikamwishia. Aliona wazi kwamba atalala kwenye lile paja, si kwa kuwa haogopi, bali kwa kuwa hawezi kumwangalia bibi yake machoni akasema hapana. Akavaa mtandio, akaenda ofisi ya kijiji kuomba serikali imsaidie kukataa.

Mtendaji wa kijiji, bwana Sipriani, alikuwa na penzi moja duniani, nalo ni muhuri. Alimsikiliza Sauda kwa makini, akafungua daftari la masuala ya kijiji, akatafuta mahali pa kuandika sikio. Kulikuwa na ardhi, mifugo, mirathi na vileo. Akaliweka chini ya "Miundombinu Mingineyo." Kisha akaandika barua, na barua ilisomeka hivi:

"Wananchi wote mnaarifiwa kuwa sikio la kushoto la Bi Sauda Hussen, mkazi wa kijiji hiki, litakuwa mali ya umma hadi tarehe 20 Septemba. Ni marufuku kwa mtu yeyote kulitia maji, mafuta, majani, maziwa au kitu kingine chochote cha asili au cha kisasa. Atakayekaidi atatozwa jogoo mmoja. Sikio la kulia halihusiki."

Ilifanya kazi siku ile ile. Watu ambao hawakumwamini daktari mwenye nyota tatu waliamini muhuri wenye ufa. Mama wa kitunguu alipokutana na Sauda kisimani alimpisha njia upande wa kushoto. Hata Xaveri, mtani wao wa Njinjo, alipokuja kwenye msiba mmoja wa ukoo na kama ada ya watani akashika ndoo ya maji kumwagia wafiwa huku akidai kitoweo, alifika kwa Sauda akasimama.

"Barua inasema la kushoto?" aliuliza.

"La kushoto, mtani."

Xaveri akazunguka, akamwagia bega la kulia, akaendelea na msiba.

Tatizo la barua ni kwamba huzaa kamati. Wiki ya tatu iliundwa Kamati ya Kulinda Sikio, wajumbe saba, mwenyekiti bwana Sipriani. Ajenda ya kwanza ilikuwa kufungua kikao, ya pili soda za wajumbe, ya tatu kukagua sikio. Sauda alikalishwa kwenye kigoda mbele ya ofisi, na wajumbe wakapanga foleni wakiwa na tochi za simu. Kila mmoja alichungulia akasema "mmh." Wa nne alisema anaona tundu. Wa tano alisema anaona limefunga. Ikatokea mvutano, na bwana Sipriani, ili kumaliza ubishi kwa haki, akatoa njiti ya kiberiti mfukoni apime kama inapita.

Aliyemwokoa Sauda ni nesi wa zahanati, dada Devota, aliyekuwa anapita na kikapu cha nyanya. Alipiga ukelele ambao hata wale waliowahi kutibiwa kwa mafuta ya breki waliusikia. Tangu siku hiyo ikaamuliwa kwamba nesi peke yake ndiye atakayechungulia, kila baada ya wiki mbili, na kamati itapokea taarifa ikiwa imekaa.

Mheshimiwa diwani naye hakukubali sikio lipite bila yeye. Alipokuja kuzindua choo cha shule, choo kilichukua dakika tano na sikio dakika arobaini. "Nilipoingia madarakani," alinguruma, "kata hii haikuwa na sikio hata moja jeshini!" Watu wakapiga makofi. Aliahidi kwamba ndege ya kwanza ya Sauda itatua Rutamba, na vijana wakaanza kung'oa visiki kwenye uwanja wa mpira ili isije ikakwama. Sauda alisimama pale na mtandio wake, akitabasamu kama alivyoagizwa. Watu wote hawa walikuwa wanashangilia tundu ambalo huenda bado lilikuwa wazi.

Kuna mtu mmoja tu ambaye hakwenda kwenye mkutano ule. Tangu barua ibandikwe, mkeka wa Bibi Somoe ulikuwa umekunjwa. Kama mafuta yake yamepigwa marufuku kwa Rubani, watu walijiuliza, sisi wengine tunayatia kwa nini? Wa Milola hawakuja tena. Bibi hakulalamika. Alipika, alifua, alipepeta mbaazi zake, na akaacha kumwita mjukuu wake mke mwenza. Alimwita Afisa. "Afisa, chakula tayari." "Afisa, maji yako yale pale." Sauda angependa kupigwa mwiko kuliko kuitwa jina lile. Lilimchoma moyoni kila siku, na hakuwa na kamati ya kulipelekea hilo.

Mwanzoni mwa Septemba, nesi Devota aliitisha kina mama kuwafundisha utunzaji wa masikio ya watoto. Bibi Somoe alikwenda, akakaa nyuma, kwa nia ya kuona huyu binti atasema nini ambacho yeye hakijui. Devota alichora sikio kwenye karatasi kubwa, akaonyesha kiwambo. "Ngozi hii ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu," alisema. "Kijiti kikigusa, inatoboka. Pini ikigusa, inatoboka. Hata unyoya, upande wa mfupa wake, mtu akishtuka kidogo tu, inatoboka." Kina mama wakaguna. Bibi Somoe hakuguna. Aliangalia ule mchoro muda mrefu, akajifunga kanga yake, akaondoka kabla ya chai.

Sauda alimkuta uani, ungo wa mbaazi mapajani, mikono haitembei.

"Sauda," bibi alisema. Hakusema Afisa.

"Abee, bibi."

"Siku ile jirani alipopiga hodi."

Sauda akachuchumaa mbele ya ungo.

"Nilihisi unyoya umegota. Nikajiambia ni nta."

"Bibi, daktari alisema tundu kama lile..."

"Daktari sijamuuliza. Nakuuliza wewe. Uliumia?"

"Niliumia, bibi."

"Mbona hukulia?"

"Ulikuwa unaitikia hodi."

Bibi Somoe aliweka ungo chini, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga. Alikuwa na miaka sabini na minane, na haya humwingia mtu wa umri huo polepole na haitoki. "Miaka hamsini," alisema. "Miaka hamsini nawalaza watu hapa, nao wananiambia ahsante bibi. Mangapi nimeyatoboa, wakanyamaza kwa adabu?"

Sauda alilala kwenye lile paja, sikio la kushoto likiwa juu, kavu tupu, akalia kama alivyostahili kulia Juni. Bibi hakugusa sikio. Aliweka kiganja juu ya nywele zake, mbali nalo, wakakaa hivyo mpaka kuku walipomaliza mbaazi zote za ungoni.

Kesho yake mlinzi mkali wa sikio Rutamba alikuwa Bibi Somoe. Kamati ilikuwa na mafaili, yeye alikuwa na mwiko. Sauda akioga, bibi alisimama nje ya ua wa makuti akiuliza, "Umeziba? Ziba tena." Mzee wa dawa ya ng'ombe alipopita kusalimia tu, alisalimia kutoka barabarani.

Siku ya safari kijiji kizima kilikusanyika uani kwa mzee Hussen. Ilisomwa dua, ukaliwa wali, na diwani akaongea. Halafu ikabaki ada, maana kwa ukoo ule hasafiri mtu safari kubwa bila mkubwa wa nyumba kutia unga kwenye maji, akayashika mdomoni na kumpuliza msafiri kichwani, ili njia ifunguke. Mkubwa wa nyumba ni Bibi Somoe. Alipojaza maji mdomoni, mashavu yakatuna, bwana Sipriani alisimama na faili lake.

"Jamani, barua! Barua inakataza maji!"

Mkutano ukagawanyika. Wazee wakasema kijiji gani hiki kinachomwachia mtoto aende bila baraka. Kamati ikasema tarehe ishirini haijafika. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakusikia kinachobishaniwa, aliunga mkono pande zote mbili. Sauda alikuwa amepiga magoti katikati, akimwangalia bibi yake, na bibi alikuwa hawezi kuwajibu kwa sababu mdomo umejaa.

Basi hakuwajibu. Aliinama, akachukua kiganja chake cha kulia, kile kile kilichoshika unyoya, akakibandika juu ya sikio la kushoto la Sauda. Akakibana kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Kisha akapuliza. Maji yenye unga yakatua kwenye mtandio, usoni, mabegani, na juu ya mgongo wa ule mkono, yakatiririka mpaka kwenye kiwiko cha bibi. Aliendelea kubana hata maji yalipokwisha kudondoka. Sauda alisikia ndani ya sikio lile mvumo mzito wa kiganja, na hakuna kingine.

Dar es Salaam daktari mwenye nyota tatu alichungulia muda mrefu, akachungulia tena.

"Mlitia nini?"

"Hatukutia kitu, afande."

"Hata unyoya?"

"Hata unyoya."

"Limefunga," daktari alisema, akaandika. Wakati huo alikuwa haangalii, na Sauda alijifuta macho kwa ncha ya mtandio upesi, asije akapimwa na machozi.

Rutamba sherehe zilidumu siku mbili. Diwani alisema ahadi yake imetimia, na hakuna aliyekumbuka ni ipi. Bwana Sipriani aliandika barua nyingine, yenye muhuri, kwamba sikio limerejeshwa rasmi kwa mwenyewe kuanzia leo. Kamati ya Kulinda Sikio haikuvunjwa. Inakutana mpaka sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na kwa kuwa sikio limeondoka, inajadili soda.

Bibi Somoe naye akatandika tena mkeka. Unyoya aliutia jikoni kwenye moto, mafuta ya chupani akayapaka nywele. Watu wa Milola wanarudi kwa baiskeli, maana habari za kiganja zimesambaa kote kwamba bibi yule anatibu bila kutia kitu. Anawalaza, anawamulika kwa tochi ya simu, anafunika sikio kwa kiganja, anasoma dua fupi, halafu anasema, "Sasa nenda zahanati kwa Devota." Wanaokwenda wanapona, na wanamsifu bibi. Devota alikasirika kwa wiki moja, kisha akaona ni msaidizi bora kuliko wote aliowahi kuomba wilayani.

Mwezi wa Machi, Ijumaa moja alasiri, Sauda alipiga simu kutoka chuoni. Siku hiyo alikuwa ameruka kwa mara ya kwanza, ameketi mbele, mwalimu nyuma yake. Alitaka kueleza jinsi masikio yalivyobana ndege ilipopanda, yote mawili sawasawa, kisha yakazibuka yenyewe, na jinsi alivyocheka peke yake ndani ya kofia. Lakini bibi ana utaratibu wake.

"Simu umeiweka sikio lipi?"

"La kushoto, bibi."

"Linanisikia?"

"Linakusikia."

"Haya, mke mwenzangu. Anza mwanzo, usiruke kitu."

Sauda akaanza. Alikuwa amefika pale magurudumu yanapoachana na ardhi aliposikia, mbali kule kwenye baraza la Rutamba, mtu akipiga hodi. Bibi hakuitikia. Hodi ikapigwa mara ya pili, kisha ya tatu, kwa sauti ya mtu aliyeanza kushangaa.

"Bibi, kuna mtu mlangoni."

"Nimemsikia," Bibi Somoe alisema. "Asubiri. Nimeshika sikio."